Okteni ni nini, na kweli inaongeza nguvu ya pikipiki?

Hili swali nimeulizwa tena juzi kijiweni hapa Sakina, Arusha, chalii mmoja ana Boxer ya cc 150 kaambiwa akitafuta petroli ya okteni kubwa chombo kitachanja mbuga, anataka kujua ataipata wapi hapa mjini. Nikamwambia mdogo wangu usihangaike, kwa pikipiki yako hiyo hutaona tofauti yoyote, alafu nikakaa naye kumuelezea kwa sababu naona hili jambo linawala watu hela bure.

Wengi tunaisikia okteni kama ukali, yaani namba ikipanda basi mafuta yamekuwa makali, kama unavyolinganisha bia na gongo. Sio hivyo kabisa. Okteni ni uvumilivu wa petroli. Inapima petroli inavumilia kiasi gani kubanwa na kupata joto bila kujiwakia yenyewe kabla ya wakati wake. Moto uliomo ndani ya lita moja ya petroli ya 91 na ya 95 ni karibu uleule, na kuna mafuta kama ethano ambayo okteni yake inapita 100 lakini lita moja ina nishati pungufu kwa karibu theluthi ukilinganisha na petroli.

Ndani ya silinda iko hivi. Pistoni inapanda, inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, na hewa ukiibana inapata joto, we shika pampu ya baiskeli pale chini baada ya kujaza upepo tairi zima utaelewa ninachosema. Sasa huo mchanganyiko unatakiwa usubiri plagi ipige cheche, moto uanzie kwenye plagi utembee kwa mpangilio mpaka ukutani huku unaisukuma pistoni chini. Petroli ikikosa uvumilivu, ule mchanganyiko uliobaki pembeni ambao moto haujaufikia unalipuka wenyewe kwa mpigo, ndio hapo mafundi wanasema injini inagonga. Ikigonga sana kwa muda mrefu inakula pistoni, unakuta imeliwa juu au imetoboka kabisa.

Ukitaka kuusikia huo mlio, panda Marangu umepakia mishkaki, uko gia kubwa na bado unavuta mafuta tu badala ya kushusha gia. Unakuja mlio mkavu kama funguo zinatikisika mfukoni, ukipunguza mafuta unakata. Usiuchanganye na tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, tapeti zikilegea zinalia hata ukiwa umesimama unasubiri abiria.

Zile namba zilianza miaka ya 1920. Walichukua kimiminika kimoja kinaitwa aiso-okteni ambacho kinavumilia sana wakakipa 100, na kingine heptani ambacho kinagonga haraka wakakipa 0, kwaiyo petroli ya 95 maana yake inavumilia sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya ile ya kwanza na asilimia 5 ya ile ya pili kwenye injini maalum ya kupimia. Miaka hiyohiyo wakagundua ukitia madini ya risasi uvumilivu unapanda kwa bei rahisi, na tukaja kuvuta huo moshi wa sumu mpaka nchi zetu za kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Hilo la risasi linaniuma mpaka leo, watoto wa barabarani ndio waliolipa.

Sasa nani anahitaji okteni kubwa? Injini yenye kompresheni kubwa, yaani inayobana ule mchanganyiko sana. Boda zetu za cc 100 mpaka 150 nyingi kompresheni iko 9 mpaka 10 kwa 1, zimetengenezwa kwa petroli ya kawaida. Pikipiki kubwa za mbio zinafika 12 au 13 kwa 1, hizo ukizinyima okteni zitagonga, au kama zina sensa ya kusikia injini ikigonga zinachelewesha taimingi, yaani muda wa plagi kupiga cheche, na nguvu inapungua kidogo, kwaiyo kwa hizo mafuta mazuri yanarudisha nguvu ambayo ilikuwa ni ya kwao. Boda ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina sensa hiyo, taimingi yake haijui umeweka 91 au 98, kwaiyo ule uvumilivu wa ziada unabaki hauna kazi.

Alafu kuna la huku kwetu ambalo wengi hawalifikirii. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, silinda inavuta hewa kidogo, mgandamizo unashuka, na uwezekano wa kugonga unashuka nao. Marekani kwenye majimbo ya milimani wanauza petroli ya kawaida ya 85 wakati sehemu zingine ni 87, kwa kipimo chao ambacho ni tofauti na hiki cha 95. Yaani injini ileile ikiwa Dar ina mahitaji makubwa ya okteni kuliko ikiwa hapa! Ule uzito unaousikia ukipanda Ngaramtoni unatokana na hewa, injini ya kabureta inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, na kabureta iliyosetiwa kwa ukanda wa pwani huku inamwaga petroli nyingi kupita kiasi cha hewa inayoingia. Toa plagi uitazame, ikiwa nyeusi ya masizi makavu ndio hivyo, ikiwa ya kahawia uko sawa.

Mimi mwenyewe nilishanunua kichupa cha kuongeza okteni duka moja la spea, elfu kumi na tano, nikaahidiwa mambo makubwa. Hakuna kilichobadilika. Wiki iliyofuata fundi wa Unga Limited akafungua kabureta mbele yangu, akaitoa jeti kubwa, kile kidude chenye katundu ka kupitishia petroli, akainyoosha kwenye jua, katundu kalitakiwa kaonyeshe mwanga na hakakuonyesha. Akaipuliza, akabadilisha eakilina, yaani chujio la hewa, iliyojaa vumbi, chombo kikapanda mlima wa Njiro kama kipya.

Okteni inakuwa tatizo la kweli pale inaposhuka, na hapa neno letu ni uchakachuaji. Mafuta ya taa okteni yake ni ndogo sana, ukichanganya kwenye petroli uvumilivu wote unaporomoka, injini inagonga, inatoa moshi, inachemka. Ndio maana 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kemikali ya kuyatambua, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili ile faida ya kuchanganya ife. Ukiona pikipiki imeanza kugonga ghafla baada ya kujaza sehemu fulani, usitafute kichupa, toa yale mafuta.

Na kule vijijini tunakonunua ya chupa, ya maji ya Kilimanjaro ya lita moja iliyokaa mezani juani, kabla hujamimina iache itulie dakika tano kisha iinue machoni. Kama kuna maji yatakuwa yamekaa chini kabisa na mstari unaonekana wazi, na hiyo iache hapohapo mezani.