Nguva si nusu mtu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai nguva ni nusu mtu, nusu samaki. Si kweli. Nguva ni mnyama anayenyonyesha, jamaa wa mbali wa tembo, na hula nyasi za bahari kwenye maji ya kina kifupi. Chuchu zake ziko karibu na kwapa. Hapo ndipo wengi hukanganyikiwa, wakamfananisha na mwanamke.

Mlinganishe na potwe wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, ambaye ni samaki kweli, aina ya papa. Tazama mkia: wa potwe umesimama wima, hupiga kushoto na kulia, wa nguva umelala, hupiga juu na chini.

Wote wamo hatarini, lakini nguva wa Afrika Mashariki wamebaki wachache mno, na nyavu zinaendelea kuwanasa. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.