Soul ya saikedelia ni nini?

Soul ya saikedelia ni muziki wa Wamarekani weusi uliovuma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanamuziki wa soul walizichukua mbinu za studio za bendi za roki wakazitia katika midundo yao. Jina hilo huwafanya wengi wafikirie mihadarati na mashati ya maua. Vyote vilikuwepo, lakini kwa sikio kipimo ni kingine: mwimbaji amewekwa wapi?

Katika soul ya kawaida mwimbaji ndiye bwana harusi; wapigaji na waitikiaji wamekuja kumsindikiza. Anaingia mapema, anambembeleza mpenzi wake, na dakika tatu zikitimia shughuli imekwisha. Soul ya saikedelia ilimnyang'anya kiti hicho ikampa fundi wa studio.

Hakuna waliogeuzwa waziwazi kama The Temptations wa Detroit. Walikuwa vijana watano wa kampuni ya santuri ya Motown, suti sare, miguu inayokwenda pamoja, nyimbo za mapenzi. Mwaka 1968 walimtimua David Ruffin, sauti yao iliyojulikana kuliko zote, wakamchukua Dennis Edwards. Wakati huo Sly and the Family Stone, bendi ya California iliyochanganya weusi na weupe, wanaume na wanawake, ilikuwa imeanza kutikisa. Otis Williams, mmoja wa The Temptations, akamtajia mtayarishaji wao, Norman Whitfield, habari za bendi hiyo. Whitfield alipuuza kwanza. Haukupita muda mrefu akaja na “Cloud Nine”.

Humo gitaa la Dennis Coffey linapita kwenye kanyagio la wah-wah, na nyuzi zinalia kama mtu anayefumbua na kufumba mdomo. Mwimbaji kiongozi hayupo. Watano wanapokezana mistari, kuanzia sauti nyembamba ya Eddie Kendricks hadi besi ya Melvin Franklin. Maneno, ambayo Whitfield aliyaandika na Barrett Strong, ni ya ufukara, si ya mahaba. Wapo walioona yanasifia dawa za kulevya. Hata hivyo wimbo huo uliiletea Motown tuzo yake ya kwanza ya Grammy, mwaka 1969.

Kilichowezesha haya ni utepe wa kurekodia wenye njia nyingi. Kila ala inarekodiwa kwenye njia yake, kisha fundi anaweza kuizima, kuipa mwangwi, au kuihamisha kutoka sikio la kushoto hadi la kulia. Whitfield alianza na mdundo wa besi unaojirudia, halafu akawa anapanga juu yake vipande vya gitaa, makofi, vinanda na, ikibidi, watu.

Nasema ikibidi kwa sababu ya wimbo wao “Papa Was a Rollin' Stone” wa mwaka 1972. Kwenye albamu unakaribia dakika 12, na sauti ya kwanza ya mtu haisikiki mpaka zipite karibu 4. Ulipata Grammy tatu, na moja ilikwenda kwa upande wa pili wa santuri, ambao hauna uimbaji kabisa! Ni rahisi kuelewa kwa nini waimbaji wenyewe walinung'unika, wakataka warudishiwe nyimbo za mapenzi.

Kwa hiyo tukisema bendi fulani ya soul “ilijigeuza”, inafaa kuuliza nani hasa alimgeuza nani. Sly Stone, kiongozi wa ile bendi ya California, alijitungia na kujitayarishia mwenyewe. The Temptations waligeuzwa.

Kendricks, aliyependa zaidi nyimbo laini, aliondoka mwaka 1971 akawa mwimbaji wa kujitegemea. Miaka miwili baadaye wimbo wake “Keep On Truckin'” ulishika namba moja Marekani. Kwenye albamu ni wa takriban dakika 8, na sehemu kubwa yake ni ala tupu.