Nafasi moja kati ya alama mbili: ninavyoandika R huku Mtwara

Simu iliingia saa mbili usiku, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Alikuwa mzee mtunza ghala, mtu ninayemheshimu sana. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, haya magunia mawili umeyapata wapi? Mimi mwenyewe nimeshuhudia mepesi zaidi ya kumi yakishushwa."

Mchana wake nilikuwa nimemtumia taarifa ya shehena moja iliyotoka chama cha msingi kwenda ghala kuu. Kila gunia lilipimwa chamani, likapimwa tena ghalani. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu ni mangapi yamepungua zaidi ya kilo mbili njiani. Taarifa ilisema mawili.

Nilifungua kompyuta nikaupitia mstari kwa mstari msimbo wangu, yaani maagizo niliyoyaandika kwa R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu. Haukuwa mrefu:

```
tofauti <- uzito_ghala - uzito_chama
sum(tofauti<-2)
```

Nia yangu katika mstari wa pili ilikuwa kuuliza: ni magunia mangapi ambayo tofauti yake ni ndogo kuliko hasi mbili? Lakini R haikuisoma hivyo. Alama ya "ndogo kuliko" ikifuatwa na alama ya hasi bila nafasi katikati, R huziona zote mbili kuwa mshale mmoja, na mshale maana yake ni "weka". Kwa hiyo niliiambia: chukua namba 2, iweke kwenye `tofauti`, kisha nijumlishie. Jumla ya 2 ni 2. Vipimo vyote vya siku ile vikafutika ndani ya kigeu kile (jina linalohifadhi thamani), na jibu likatoka likiwa na sura ya jibu la kweli. Hakukuwa na hitilafu wala onyo lolote. Nilichotakiwa kuandika ni hiki:

```
sum(tofauti < -2)
```

Jibu sahihi lilikuwa 14. Nilimpigia mzee usiku uleule nikamwomba radhi, na asubuhi nikatuma taarifa mpya.

Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba mtindo wa kuandika msimbo ni urembo. Nafasi moja ya kibodi ilitaka kuwapotezea watu haki ya magunia kumi na mawili. Naweka nafasi pande zote mbili za mshale, pande zote mbili za alama za kulinganisha, na baada ya kila mkato. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawafundisha hilo kabla ya kuwafundisha wastani.

Mshale wenyewe una asili yake. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya mwanzo ya 1990, kwa kufuata lugha ya S iliyozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Mshale ulitoka huko. Katika S, na katika R ya zamani, hata kistari cha chini (`_`) kilikuwa na maana ya "weka", kwa hiyo hakikuweza kuingia ndani ya jina. Ruhusa hiyo ilikuja na toleo la 1.9.0, mwaka 2004. Ndiyo sababu funksheni kongwe, yaani maagizo yenye jina yaliyomo ndani ya R, zina nukta: `read.table`, `data.frame`, `t.test`. Waliozitunga hawakuwa na njia nyingine nzuri ya kutenganisha maneno.

Sisi tunayo, basi tuitumie. Nukta ina kazi nyingine katika R: `print.data.frame` maana yake ni namna ya `print` kwa vitu vya aina ya `data.frame`. Ukiita funksheni yako `safisha.uzito`, msomaji mwenye uzoefu atajiuliza kama kuna aina ya kitu inayoitwa `uzito`. Mwongozo wa uandishi wa tidyverse, mkusanyiko wa vifurushi vya nyongeza vya R, unataka herufi ndogo na kistari cha chini, `safisha_uzito`. Wa Google unataka majina ya funksheni yaanze kwa herufi kubwa, `SafishaUzito`. Mimi nafuata wa kwanza. Ukifuata wa pili sitagombana nawe, ila usichanganye yote mawili ndani ya faili moja, maana R inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Hapa kwenye majina ndipo nina mengi ya kusema. Tuandike kwa Kiswahili. Data zetu zinatoka Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, Liwale. Wanaozikusanya wanazungumza Kiswahili, na watakaoulizwa maswali ni haohao. Na Kiswahili chenyewe kinatusaidia kupanga. Ngeli inatupa umoja na wingi: `magunia` ni vekta nzima, yaani orodha yote, `gunia` ni moja tunaloshika kwa wakati huo, na `for (gunia in magunia)` inasomeka kama sentensi. Vivyo hivyo `chama` na `vyama`. Shida ipo kwenye maneno kama korosho, shehena, mizani, ambayo umoja na wingi ni vilevile. Hayo mimi huyaongezea neno: `shehena_zote` na `shehena_moja`.

Funksheni inatenda, kwa hiyo iwe kitenzi: `safisha_uzito()`, `unganisha_mizani()`. Kigeu kiwe nomino. Jihadhari na neno "hesabu", maana ni nomino na kitenzi pia. Nimeshaona faili moja ambamo `hesabu_magunia` ilikuwa namba juu ya ukurasa na funksheni chini yake. Nikitaka namba naandika `idadi_magunia`. Neno `hesabu_` nimeliachia funksheni peke yake.

Usiite jedwali lako `data` wala `df`. Yote mawili ni funksheni za R tayari. Ukisahau kusoma faili lako kisha ukaandika `df$uzito`, R haitakwambia kwamba jedwali halipo. Itakwambia `object of type 'closure' is not subsettable`, yaani funksheni haichukuliwi kipande, na mwanafunzi atapoteza saa nzima.

Andika `TRUE` kamili, si `T`. `TRUE` imelindwa, `T` ni jina tu ambalo yeyote anaweza kulibadilisha. Huku kwetu hatari iko karibu kwa sababu T ni tani. Mtu anaanza jumla ya tani kwa `T <- 0`, mistari thelathini baadaye anaandika `mean(uzito, na.rm = T)` ili vipimo vilivyokosekana virukwe, na kama vipo wastani unatoka `NA`, yaani haujulikani, kwa kuwa `T` sasa ni sifuri, yaani hapana.

Kisha kuna namba zisizo na jina. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa paundi za karanga, yaani viini vya korosho iliyobanguliwa, zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Unabangua sampuli, unapima karanga safi kwa gramu, na zenye madoa unazihesabu kwa nusu ya uzito wake. Nilirithi faili lenye mstari huu:

```
x2 <- (a+b/2)*0.1764
```

Hesabu ni sahihi. Lakini 0.1764 ni nini? Ni 80 kugawanya kwa 453.6, yaani gramu za paundi moja, na ni kweli tu kama sampuli ilikuwa kilo moja. Siku mtu akibangua nusu kilo, ubora utatoka nusu na mstari hautasema kitu. Nikauandika hivi:

```
kilo_gunia <- 80
gramu_paundi <- 453.6
kilo_sampuli <- 1

karanga_halali <- karanga_safi + karanga_madoa / 2
paundi_gunia <- karanga_halali / kilo_sampuli *
  kilo_gunia / gramu_paundi
```

Kwa gramu 255 safi na 30 zenye madoa, karanga halali ni 270, na jibu ni paundi 47.6.

Mengine ni mepesi: mstari usizidi herufi 80, ndani ya mabano ingia nafasi mbili. Kifurushi cha styler kitakupangia nafasi, na lintr itakuonyesha ulipokosea, hata mstari ukizidi urefu. Ila styler ingeugeuza ule mstari wangu wa magunia kuwa `sum(tofauti <- 2)`. Ungepangika vizuri na ungebaki na kosa lilelile. Macho yako bado yanahitajika.

Msimu uliofuata nilipita ghalani kwa yule mzee nikiwa na kompyuta. Nikamsomea msimbo kwa sauti, neno kwa neno: tofauti ni uzito wa ghala kutoa uzito wa chama. Hajawahi kuandika programu maishani mwake. Akaninyamazisha kwa mkono. "Ngoja kwanza, mwanangu. Chamani wanapima na gunia lake. Sisi hapa tunatoa. Gunia lenyewe umelitoa wapi?"

Sikuwa nimelitoa. Nikaongeza mstari juu ya ile tofauti, yeye akiwa amesimama pembeni:

```
uzito_chama <- uzito_mizani_chama - uzito_gunia_tupu
```