Hadithi ya watoto haiandikwi wiki moja ukatajirika

Ujumbe huu haukomi kusambaa kwenye magrupu ya simu, kuanzia Mbeya hadi Njombe: andika hadithi fupi ya watoto kwa wiki moja, lipa ada ya "usajili", kitabu kitaingia shuleni nawe utapokea pesa maisha yako yote.

Si kweli. Kwa kawaida mchapishaji aliyekubali muswada ndiye anayegharamia uhariri, michoro na uchapaji. Mwandishi hulipwa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, na mara nyingi hugawana na mchoraji. Piga hesabu mwenyewe: kitabu cha shilingi 5,000 kwa mrabaha wa asilimia 10 kinampa shilingi 500 kwa nakala. Akiuza nakala 200 anapata 100,000, na hizo 200 zinaweza kukaa sana dukani. Ndiyo maana wengi huandika usiku, baada ya kazi nyingine.

Mkanganyiko unaeleweka. Vitabu vya kiada hununuliwa kwa wingi, lakini hupitia kwanza ithibati, yaani idhini, ya serikali. Tena maneno machache huonekana rahisi, kumbe sentensi moja huandikwa upya mara kumi.

Kabla ya kutuma pesa, ingia duka la vitabu mjini Mbeya au Iringa, umuulize muuzaji kama amewahi kuuza vitabu vya mchapishaji huyo. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyekutumia kwamba hakimiliki ya hadithi yake ni yake tangu alipoiandika, bila ada yoyote.