Gharama ya programu ya mashine si lazima iandikwe yote mwaka mmoja

Wengi huamini kwamba programu, kwa kuwa haishikiki, huandikwa yote kama matumizi ya mwaka iliponunuliwa. Si kila mara. Kanuni ya kihasibu IAS 38 huuliza: je, mashine itafanya kazi bila programu hiyo? Mtambo wa kukatia chuma usioendeshwa bila programu yake huhesabiwa nayo kama mali moja, na uchakavu wake ni mmoja. Programu ya mahesabu, ambayo kompyuta huweza kufanya kazi bila hiyo, ni mali isiyoshikika, kando. Ada ya leseni ya miezi 12 kwa kawaida ni matumizi. Ya miaka 3 hugawanywa kwa miaka hiyo. Viwango vya makato kwa ajili ya kodi huwekwa na sheria ya kodi, lakini ugomvi mwingi huanzia kwenye ankara yenye mstari mmoja tu unaojumlisha vyote. Mwambie muuzaji atenganishe mtambo, leseni na matengenezo kabla hujalipa.