Mawe ya matumbawe: kabla hujaagiza lori

Wanaojenga huku pwani huniuliza sana: mawe au bloku za saruji, kipi kinaharibu mazingira kidogo? Mimi ni mhandisi wa ujenzi na kazi yangu kubwa ni nyumba za mawe. Jibu langu ni kwamba jiwe ni afadhali, ila afadhali hiyo ina masharti, na masharti yenyewe ndiyo watu hawayaulizi.

Mawe tunayoyapata kwenye matimbo ya Mombasa na Kilifi yalikuwa matumbawe. Miaka takriban 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Maji yaliposhuka, matumbawe yale yakabaki nchi kavu na kuwa mwamba wa chokaa. Ukilikata jiwe hilo kwa msumeno wa dizeli na kulipanga ukutani, kaboni iliyomo hubaki humo humo. Ukilichoma ili upate saruji, mambo ni mengine: katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 hupaa zikiwa hewa ukaa. Ndiyo sababu tani moja ya klinka, ile kokoto inayosagwa kuwa saruji, hutoa zaidi ya kilo 500 za hewa ukaa kutokana na jiwe peke yake, hata kabla hujahesabu makaa yaliyowasha tanuri. Jiwe ni lile lile. Kinacholitofautisha ni moto.

Sharti la kwanza ni kwamba jiwe lisiwe limetoka baharini likiwa hai. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu, sogea karibu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Utaona jiwe jeupe lenye vitundu vidogo mno, limenakshiwa kwa ustadi. Hilo ni tumbawe lililokatwa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi na laini, kisha likakauka na kuwa gumu. Tumbawe la aina hiyo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha sentimita 30 ni miaka kama 30 ya uhai wake. Wazee walilitumia kwa nakshi, wakajaza kuta kwa mawe ya nchi kavu. Lililoumiza zaidi ni chokaa. Mafia na Mtwara, kwa miaka mingi, matumbawe hai yaling'olewa, yakapangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Hasara ilikuwa ya pande mbili: miti iliteketea, na mwamba uliokuwa ukivunja mawimbi na kuficha samaki ukabomoka. Chokaa ya namna hiyo mimi siinunui kwa bei yoyote.

Sharti la pili ni shimo. Bamburi, kampuni ya saruji ya karibu na Mombasa, ilianza kuchimba jiwe la chokaa mwaka 1954, na kufikia 1971 kilichobaki kilikuwa uwanda wa mwamba mtupu, maji ya chumvichumvi yakiwa karibu tu chini yake. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, akajaribu miti ya aina nyingi, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Lakini majani yake yalianguka bila kuoza. Ndipo akaleta majongoo. Yakala majani yale, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Leo pale ni msitu wenye twiga na viboko. Naipenda sana habari hii, lakini isitupumbaze: ilichukua miongo, na nyuma yake kulikuwa na kampuni yenye ardhi na pesa. Timbo dogo huchimbwa kwenye shamba la kukodi, mawe yakiisha watu wanahama. Mvua ikinyesha shimo linakuwa bwawa la mbu na hatari kwa watoto. Baya zaidi ni wakichimba hadi kugusa maji. Mwamba wetu una matundu kila mahali na hauchuji kitu, kwa hiyo taka zikitupwa humo, visima vya jirani vinazipokea. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inataka timbo lifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuchimbwa. Mwulize muuzaji leseni yake, kisha umwulize shimo litafukiwa na nani.

Umbali nao una uzito wake, na tani moja kwa lori huchafua hewa mara kadhaa kuliko kwa meli, kwa kila kilomita. Jiwe zuri la timbo la karibu lina faida ambayo marumaru ya kuagizwa haiwezi kuifikia.

Linalonisikitisha kuliko yote ni saruji kurudi kwa mlango wa nyuma. Mtu ananunua mawe, kisha anayajengea kwa viungo vinene vya saruji kati ya jiwe na jiwe kwa sababu hayakukatwa sawa, halafu anapiga plasta ndani na nje. Lipa zaidi upate mawe yenye kingo zilizonyooka, ili kiungo kiwe chembamba. Kuta zisizopigwa na mvua ya kusi ziache wazi, uzibe viungo tu. Na kama unakarabati nyumba ya kale, usiipige plasta ya saruji kabisa: inafungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe linamomonyoka nyuma ya plasta bila wewe kuona. Tumia chokaa iliyochomwa kwa jiwe la timbo. Ikikauka ukutani hufyonza tena polepole sehemu ya hewa ukaa iliyotoka tanurini, na ukuta unaendelea kupumua.