Kiinitete Kimekosa Kushika Tena: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kipimo cha damu kikirudi hasi kwa mara ya tatu baada ya kuwekewa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara kwenye matibabu ya IVF, ushauri humiminika kuliko pole. Lala chali wiki nzima. Waambie wakuwekee viinitete vitatu badala ya kimoja. Kuna dripu, kuna vidonge, kuna kipimo kipya cha kupanga saa. Katikati ya yote hayo mwanamke hubaki na wazo moja zito: tumbo langu linakataa. Nitaanza na wazo hilo, kwa sababu maamuzi mengi mabaya kuhusu namna ya kuweka kiinitete kinachofuata huzaliwa humo.

"Mara tatu bila mimba ni dalili kwamba mji wa mimba una kasoro"

Tupige hesabu. Tuseme kila kiinitete kinachowekwa kina nafasi ya asilimia 40 ya kushika, ambayo ni nafasi nzuri. Nafasi ya kukosa ni asilimia 60. Kukosa mara tatu mfululizo ni 0.6 mara 0.6 mara 0.6, karibu asilimia 22. Yaani wakiwa wanawake 100 wasio na tatizo lolote kwenye mji wa mimba, 22 hivi watakosa mara zote tatu kwa bahati tu.

Ndiyo maana ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, katika mapendekezo yake ya mwaka 2023 hakikuweka idadi moja ya majaribio kwa watu wote. Kilishauri uchunguzi zaidi ufikiriwe pale ambapo viinitete alivyokwisha kuwekewa mwanamke, vikijumlishwa, vilimpa nafasi inayozidi asilimia 60 na bado hakupata. Mwenye miaka 30 na viinitete vizuri hufika hapo mapema. Mwenye miaka 42 ambaye viinitete vyake havijapimwa kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) anaweza kuwekewa vingi kabla ya kufika.

Tofauti hiyo ya umri inatoka kwenye yai. Katika miaka 35, takriban theluthi moja ya viinitete huwa na idadi isiyo sahihi ya kromosomu. Katika miaka 40 ni zaidi ya nusu. Miaka 42 ni kama robo tatu. Vingi kati ya hivyo havishiki kabisa, na vikishika mara nyingi huishia kwenye mimba kuharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 4,400 wenye mji wa mimba wa umbo la kawaida, wakiwekewa kiinitete kimoja kimoja kilichopimwa na kuonekana kina kromosomu kamili. Baada ya kuwekewa hadi vitatu, kama asilimia 95 walikuwa wamepata angalau kimoja kilichoshika na kuendelea. Kwa hiyo mji wa mimba unaokataa kiinitete kizuri mara kwa mara upo, lakini ni nadra mno kuliko wanawake wanavyoaminishwa. Na kosa la kromosomu mara nyingi hutokea yai linapogawanyika. Halitokani na ulichokula, ulichobeba wala ulivyolala.

"Safari hii waweke vingi ili angalau kimoja kishike"

Naelewa kabisa mtu anavyofikia hapa. Lakini jaribio la mwaka 2004, lililohusisha wanawake 661 wenye umri chini ya miaka 36, lililinganisha njia mbili: kuweka viinitete viwili kwa pamoja, au kuweka kimoja kisha, kisiposhika, kuweka kingine kilichogandishwa. Waliowekewa viwili walijifungua mtoto hai kwa asilimia 42.9, wale wa kimoja kimoja asilimia 38.8. Tofauti kubwa ilikuwa kwingine: miongoni mwa waliojifungua, asilimia 33.1 ya kundi la kwanza walipata watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, dhidi ya asilimia 0.8 ya kundi la pili. Mapacha ni furaha, lakini mimba yao huongeza hatari ya shinikizo la damu kwa mama na watoto kuzaliwa njiti.

Wanawake wa jaribio lile hawakuwa wale waliokosa mara nyingi. Kwa mwenye umri mkubwa na viinitete visivyopimwa, daktari anaweza kupendekeza viwili, na huo ni uamuzi unaoweza kutetewa. Kama kiinitete kimepimwa na kina kromosomu kamili, kuweka viwili ni kununua hatari bila sababu. Hali ni hiyo hiyo kwa mbinu ya kuweka kimoja siku ya tatu na kingine siku ya tano ya safari moja (mzunguko mmoja wa matibabu): bado ni viinitete viwili, na ushahidi wake ni mwembamba.

"Kiinitete cha siku ya tano, au kilichopimwa, kina nguvu zaidi"

Kukaa maabara hadi siku ya tano hakukiongezei kiinitete chochote. Kunaonyesha tu kipi kiliweza kufika hatua ya blastosisti, ile ya kiinitete kilichokua hadi siku ya tano hivi. Kwa waliokosa mara kadhaa, ESHRE inaona njia hii inafaa kufikiriwa, na nakubaliana nayo, mradi viinitete vipo vya kutosha kuchagua.

Kupima kromosomu nako ni kuchagua, si kutibu. Jaribio la mwaka 2021 lililofanyika China kwa wanawake 1,212 wenye viinitete vitatu au zaidi vya hatua ya blastosisti liliona kwamba mwisho wa safari waliopimiwa walijifungua kwa asilimia 77.2 na wasiopimiwa asilimia 81.8. Hawa walikuwa vijana wenye matumaini mazuri tangu mwanzo. Faida ya kipimo kwa aliyekosa mara nyingi, hasa mwenye umri mkubwa, iko kwingine: kinampunguzia safari za kuwekewa viinitete visivyoweza kuzaa mtoto, na kinampa jibu la kwa nini vilivyotangulia havikushika.

"Kilichogandishwa ni dhaifu"

Kwa ugandishaji wa kasi unaotumika leo, viinitete vingi sana huyeyushwa vikiwa hai. Kwa mwenye ovari zenye vifuko vingi, kugandisha kwanza kunaweza hata kuwa salama zaidi, kwa kuwa ovari hupata muda wa kutulia baada ya dawa za kuchochea mayai. Mwenye hedhi inayokuja kwa mpangilio anaweza pia kuuliza kama kitawekwa kwenye mzunguko wake wa asili badala ya ule wa dawa tupu, yaani unaoendeshwa kwa homoni za kutoka nje. Nafasi ya mimba hukaribiana, lakini mzunguko wa dawa tupu umehusishwa na shinikizo la damu la ujauzito.

"Ukiongeza dawa na vipimo vya kisasa, kitashika"

Hapa ndipo wanawake wanapoumizwa zaidi, mwilini na mfukoni, na sioni sababu ya kusema kwa upole. Kukwangua ukuta wa ndani wa mji wa mimba kabla ya safari kulisifiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2019 jaribio la wanawake 1,364 lilionyesha waliokwanguliwa na wasiokwanguliwa walijifungua kwa kiwango kilekile, asilimia 26.1. Kipimo cha jeni za ukuta huo, kinachodai kujua saa ambayo mji wa mimba uko tayari, kilijaribiwa pia: mwaka 2022, waliopangiwa saa kwa kipimo walijifungua kwa asilimia 58.5, waliofuata ratiba ya kawaida asilimia 61.9.

Kisha vidonge vya prednisone, vinavyotolewa kwa hoja kwamba kinga ya mwili inashambulia kiinitete. Jaribio la mwaka 2023 lilifanyika kwa wanawake 715 ambao walikuwa wamekosa mara kadhaa, yaani walewale wanaoandikiwa. Waliomeza dawa walijifungua kwa asilimia 37.8, waliomeza kidonge kisicho na dawa asilimia 38.8, na waliomeza dawa walipata watoto njiti zaidi. Dripu ya mafuta na vipimo vya seli za kinga kwenye damu navyo ESHRE haivipendekezi.

"Usiinuke, kitadondoka"

Kuta za mji wa mimba zimegusana, na kiinitete ni kidogo kuliko punje ya chumvi. Hakina pa kudondokea. Mwaka 2013 waliolazwa dakika kumi baada ya kuwekewa walilinganishwa na walioinuka papo hapo, na walioinuka ndio waliojifungua zaidi.

"Basi hakuna cha kuchunguza"

Kipo, na baadhi yake kinatibika. Mrija wa uzazi uliojaa maji humwaga maji hayo ndani ya mji wa mimba na kupunguza sana nafasi. Kuuondoa au kuufunga kabla ya safari inayofuata kunasaidia. Polipu (kinyama kidogo), fibroidi iliyochomoza ndani na utando unaogawa mji wa mimba huonekana kwa kamera ndogo. Uvimbe sugu wa ukuta wa ndani (inflamesheni, si fibroidi) hutibiwa kwa antibiotiki. Tezi ya thairoidi, kiwango cha projesteroni (homoni inayotunza mimba), sigara na uzito vitazamwe. Mwenye historia ya kuganda kwa damu apimwe kingamwili za fosfolipidi, zinazoweza kufanya damu igande kupita kiasi, na kromosomu za wenzi wote wawili, mwanamume pia, zinaweza kupimwa.

Halafu omba faili ya siku ulizowekewa viinitete. Je, mrija mwembamba wa kuingizia kiinitete ulipita kwa urahisi, au walilazimika kuvuta shingo ya mji wa mimba na kubadilisha vifaa? Ultrasaundi ilikuwa inaonyesha njia? Kama kuingiza kulikuwa kugumu, daktari anaweza kufanya jaribio la kupitisha mrija mtupu wiki kadhaa kabla, achore njia, achague mrija laini na kukuomba uje kibofu kikiwa kimejaa. Ni hatua rahisi, na mara nyingi haiulizwi mpaka mgonjwa aulize mwenyewe.